Uliza Ujibiwe: Mvua Sawa, Maisha Mbalimbali

Barua za safari hii zimezunguka jambo moja: sura ya nchi, tabianchi na mali iliyo ardhini vina mkono kiasi gani katika maisha ya watu. Tumechagua saba. Zilizofanana tumeziunganisha.

Swali: Nimesoma kwamba London na Niamey, mji mkuu wa Niger, hupata mvua inayokaribiana kwa mwaka. Moja ina nyasi mwaka mzima, nyingine iko ukingoni mwa jangwa. Mchapaji alikosea?

Hakukosea. London hupata kama milimita 600, Niamey kama 540. Linalozitenga ni maji yanayorudi angani. Wastani wa joto wa mwaka London ni nyuzi 11 hivi, Niamey ni 29. Mshahara sawa, madeni tofauti.

Iko hesabu ya kupima deni hilo, nayo inatokana na mfumo wa kugawa tabianchi alioanzisha mtaalamu wa tabianchi Wladimir Köppen mwaka 1884, ukarekebishwa mara kadhaa baadaye. Chukua wastani wa joto wa mwaka, uzidishe kwa 20. Ikiwa asilimia 70 au zaidi ya mvua hunyesha katika nusu ya mwaka yenye joto, ongeza 280. Ikiwa imetawanyika, ongeza 140. Ikiwa asilimia 70 au zaidi hunyesha katika nusu ya baridi, usiongeze kitu, kwa kuwa mvua ya wakati wa baridi hukawia ardhini. Jibu utakalopata ni kizingiti kwa milimita. Mvua ikizidi kizingiti, mahali hapo si pakame. Ikiwa kati ya nusu yake na kizingiti kamili, hapo ni nusu jangwa. Chini ya nusu ni jangwa.

Niamey: 29 mara 20 ni 580. Mvua yake karibu yote hunyesha kati ya Juni na Septemba, kwa hiyo ongeza 280, upate 860. Nusu yake ni 430. Milimita 540 zinaangukia katikati: nusu jangwa. London: 11 mara 20 ni 220, mvua imetawanyika, ongeza 140, upate 360. Milimita 600 zinaipita mbali.

Wengi hukosea kwa kusahau nyongeza ya msimu, ambayo peke yake inaweza kuhamisha wilaya nzima kutoka kundi moja hadi jingine. Karibu na ikweta, ambako huwezi kusema miezi gani ni ya joto na ipi ya baridi, Aprili hadi Septemba huhesabiwa kuwa nusu ya joto kaskazini, na Oktoba hadi Machi kusini.

Swali: Tunaambiwa mkoa wetu una wastani wa milimita 700, mvua ya kutosha. Mbona njaa na ukosefu wa maji haviishi? Na mtu akitaka kuvuna maji ya paa, tangi alipime vipi?

Wastani ndio uliowadanganya. Tuchukue miaka kumi ya mfano: 820, 410, 760, 390, 1,150, 700, 430, 780, 690, 870. Jumla ni 7,000, wastani 700. Sasa zipange kuanzia ndogo: 390, 410, 430, kisha ghafla 690. Zao linalohitaji milimita 500 litakufa miaka mitatu kati ya kumi, na wastani wala haukusema uongo. Tena ule mwaka wa 1,150 umeupandisha wastani kwa maji ambayo sehemu kubwa yalipita juu ya ardhi yakaenda zake na udongo. Uondoe, wastani wa miaka tisa iliyobaki ni 650.

Kwa hiyo mkienda kituo cha hali ya hewa msiombe wastani. Ombeni takwimu za mwaka mmoja mmoja, miaka 30 ikiwezekana (ndicho kipindi ambacho wataalamu wa hali ya hewa duniani hukitumia kueleza tabianchi ya mahali), mhesabu ni miaka mingapi iliyoshuka chini ya mahitaji ya zao lenu.

Hasara ya mkoa wa namna hii haiji katika ile miaka mitatu tu. Mkulima anayejua kwamba mwaka wowote unaweza kuwa mbaya hakopi kununua mbolea hata katika mwaka mzuri, kwa hiyo mavuno ya mwaka mzuri nayo huwa madogo. Ukame ukija, kila mtu hupeleka mifugo sokoni wiki moja, bei inaanguka. Mvua ikirudi kila mtu anataka kununua, bei inapaa. Kuuza rahisi na kununua ghali, mara tatu katika miaka kumi: huo ndio umaskini usioonekana kwenye ramani ya mvua.

Sasa paa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Pima paa kama lionekanavyo kutoka juu, yaani eneo linalofunikwa chini, wala usipime urefu wa mteremko wa bati. Paa la bati la mita za mraba 50, ukikadiria asilimia 20 itapotea kwa kuruka pembeni, kufurika kwenye mifereji na maji ya kusafishia paa, litakupa 50 × 700 × 0.8 = lita 28,000 kwa mwaka wa wastani. Kwa mwaka wa milimita 390 ni lita 15,600. Watu watano wakitumia lita 20 kila mmoja kwa siku, hizo ni lita 100. Kiangazi cha miezi mitano, siku 150, kinataka tangi la lita 15,000.

Hapa ndipo fedha hupotea. Mtu hununua tangi la lita 15,000, na katika mwaka mbaya halijai hata siku moja, kwa kuwa maji hayo yanatumika pia wakati wa masika. Kwa mwaka mzima nyumba inataka lita 36,500. Katika mwaka wa milimita 390 kila mita ya mraba ya paa inatoa lita 312. Gawanya: unahitaji paa la mita 117 za mraba. Kilichopungua ni paa. Unganisha mifereji ya jiko, banda na stoo kabla ya kuongeza tangi, au ukubali kuishi kwa lita 43 kwa siku mwaka ukiwa mbaya. Milimita ya kwanza ya mvua inayofuata kiangazi, lita 50 kwa paa hili, imwage: imebeba vumbi na kinyesi cha ndege.

Swali: Mlima mmoja, upepo mmoja, lakini upande huu ni msitu na ule ni vichaka vikavu. Inakuwaje?

Mabaharia wana maneno mazuri ya pande hizi: joshini ni upande upepo unakotoka, demani ni ule uliokingwa. Tufuatilie hewa yenye nyuzi 28 inayotoka baharini na kupanda mlima wa mita 3,000.

Kabla ya wingu kutokea, hewa inayopanda hupoa kwa nyuzi 10 kila mita 1,000. Tuseme wingu linaanza mita 1,000: hapo ina nyuzi 18. Kuanzia hapo mvuke unageuka matone, na mvuke ukigeuka matone huachia joto uliloficha, kwa hiyo hewa inapoa polepole, tuseme nyuzi 6 kila mita 1,000. Kileleni inafika na nyuzi 6, mvua imeshaimwaga joshini. Sasa inateremka demani. Haina wingu tena, kwa hiyo inapata joto kwa kasi ile ya kwanza: nyuzi 10 mara tatu. Inafika chini na nyuzi 36. Iliondoka na 28 na unyevu, imefika na 36 na kiu. Kwa hiyo demani hapakukosa mvua tu. Upepo wenyewe unanyonya maji yaliyomo udongoni. Bwawa la wazi likichimbwa upande huo hupoteza maji mengi kuliko bwawa la ukubwa huo huo joshini, jambo ambalo wachoraji wa miradi husahau.

Safu ya milima ya Andes, Amerika Kusini, hufanya hivyo kwa kipimo kikubwa. Huzuia unyevu wa Amazon, na upande wa pili mkondo baridi wa bahari uitwao Humboldt hupoza hewa ya pwani isiweze kupanda na kufanya mvua. Arica, katika jangwa la Atacama kaskazini mwa Chile, hupata wastani usiofika milimita moja kwa mwaka.

Tahadhari kwa wanafunzi: vitabu husema joto hushuka nyuzi 6.5 kila mita 1,000. Ni kweli kwa hewa iliyo huru angani. Ukiitumia Quito, mji mkuu wa Ekuado ulio mita 2,850, kuanzia nyuzi 26 za pwani, utapata kama 8, ilhali wastani wake ni 14 au 15. Uwanda mpana wa juu hupigwa na jua na kuipasha hewa kutoka chini. Tofauti hiyo si ndogo. Kimelea cha malaria cha falsiparamu huzorota sana ndani ya mbu joto likishuka chini ya nyuzi 18 hivi, kwa hiyo nyuzi chache zinaweza kuamua kama kijiji kina malaria ya mwaka mzima au ya kupita.

Swali: Nchi yenye madini inakuwaje maskini? Watu wanasema ni wizi tu.

Wizi upo, lakini hata wote wangekuwa waaminifu kuna mtego wa hesabu. Uliitwa ugonjwa wa Kiholanzi mwaka 1977, kwa yale yaliyoipata Uholanzi baada ya gesi ya Groningen kugunduliwa mwaka 1959. Unakwenda hivi.

Kiwanda kinauza bidhaa nje kwa dola 10. Dola moja ni fedha 100 za ndani, kwa hiyo kinapata 1,000. Gharama zake, mishahara na umeme, ni 900. Faida 100. Gesi inaanza kuuzwa nje, dola zinamiminika, fedha ya ndani inapanda thamani: dola sasa ni 80. Kiwanda kinauza vilevile kwa dola 10, kinapata 800, na mishahara ni ile ile. Hasara 100. Hakuna aliyekosea kiwandani. Wakati huo huo bidhaa za nje zimekuwa rahisi madukani, watu wanashangilia, na kiwanda cha pili kilichokuwa kikiuza ndani nacho kinafunga. Miaka ikipita bei ya gesi inaanguka. Viwanda havifunguki siku hiyo: mafundi wametawanyika, wateja wa nje wameshapata muuzaji mwingine.

Mtego wa pili ni kudhani mali ya ardhini itakuwa mali siku zote. Ule ukavu wa Atacama tuliousema ulihifadhi chumvi za naitreti juu ya ardhi, ambazo mvua ya mahali pengine ingeziyeyusha. Ziliuzwa dunia nzima kwa mbolea na baruti, na utajiri huo ulikuwa kiini cha vita vilivyoanza mwaka 1879 ambavyo Chile ilizichukulia Bolivia na Peru ardhi, na Bolivia ikapoteza pwani yake. Mwaka 1909 mkemia Mjerumani Fritz Haber alipata njia ya kutengeneza amonia, inayozaa mbolea na baruti vilevile, kwa naitrojeni ya hewani, mwaka 1913 kiwanda cha kwanza kikaanza kazi Ujerumani, na baada ya hapo naitreti ya jangwani ilikuwa inahesabu siku. Chile ilibahatika kuwa na shaba. Nauru, kisiwa cha kilomita 21 za mraba, haikuwa na cha pili: fosfeti ilichimbwa mpaka sehemu kubwa ya katikati ya kisiwa ikabaki miamba iliyochongoka isiyolimika.

Dawa inajulikana, ila ni chungu kisiasa: usiziingize fedha zote ndani kwa mkupuo. Norway, iliyogundua mafuta ya Ekofisk mwaka 1969, ilianzisha mfuko wake mwaka 1990 na unawekeza nje ya nchi, ili dola zisiipandishe fedha ya ndani. Kanuni ya mwaka 2001 iliruhusu serikali kutumia asilimia 4 ya mfuko kwa mwaka, kiwango kinachokadiriwa kuwa faida yake. Mwaka 2017 ikashushwa hadi 3. Mtaji hauguswi. Botswana ilipata uhuru mwaka 1966 ikiwa miongoni mwa nchi maskini sana, almasi za Orapa zikagunduliwa mwaka 1967, na mwaka huo huo haki za madini zikawekwa mikononi mwa taifa badala ya kabila lenye ardhi. Bila hatua hiyo, ambayo husahaulika, mapato yangezua ugomvi kabla ya kuzaa shule. Lakini hata Botswana sasa inabanwa na almasi za maabara, kama Chile ilivyobanwa na amonia.

Swali: Kwa hiyo jiografia huamua nani awe tajiri?

Tazama rasi ya Korea. Ilipogawanywa mwaka 1945, kaskazini ndiko kulikokuwa na makaa, madini, mabwawa ya umeme na viwanda vizito. Kusini kulikuwa na mashamba. Mei 1948 kaskazini ilikata umeme uliokuwa ukienda kusini, na kusini ikapata taabu kubwa. Leo unajua ni nani mwenye taa. Milima ni ile ile.

Swali: Uswisi haina bahari na ni tajiri. Kwa nini tunaambiwa kukosa bahari ni mzigo?

Nchi huru zisizo na bahari ni 44, na nyingi kati yake ni maskini. Uswisi ina vitu viwili. Kwanza, majirani wake ni wanunuzi matajiri, na mto Rhine unapitisha mashua za mizigo kutoka Basel mpaka Rotterdam chini ya mkataba wa usafiri huru uliotiwa saini Mannheim mwaka 1868. Hakuna jirani anayeweza kuamka na kuufunga mto.

Pili ni uzito. Tuseme kufikisha tani moja bandarini kunagharimu dola 100. Tani ya saruji yenye thamani ya dola 100 imekwisha hapo, bei yake imekuwa mara mbili. Tani ya dawa au saa zenye thamani ya dola milioni moja imeongezeka asilimia 0.01. Nchi isiyo na bahari inaumia kwa kadiri bidhaa zake zilivyo nzito na rahisi. Ndiyo maana kumwambia mwenye madini ghafi ya chuma na mwenye dawa kwamba tatizo lao ni moja, barabara, ni kukosea mizani.

Lakini hata mwenye pwani anaweza kufungiwa. Mto Kongo unapitika kwa zaidi ya kilomita 1,600 kati ya Kinshasa na Kisangani, njia nzuri kuliko barabara yoyote. Ila chini ya Kinshasa kuna mfululizo wa maporomoko mpaka Matadi, na meli ya baharini haiwezi kupanda. Mzigo lazima ushushwe, upandishwe reli (ile ya kwanza ilikamilika mwaka 1898), ushushwe tena. Kila kushusha ni siku, vibarua na upotevu. Na maporomoko hayo hayo, pale Inga, yanakadiriwa kuweza kutoa megawati 40,000 za umeme. Kwa mwenye mashua ni ukuta, kwa mhandisi wa umeme ni hazina, na hazina hiyo kwa sehemu kubwa bado haijaguswa.

Swali: Hali ya maisha hupimwaje? Naona watu wanataja pato tu.

Tangu mwaka 1990 Umoja wa Mataifa hutoa fahirisi ya maendeleo ya binadamu, inayochanganya umri, elimu na pato. Unaweza kuikokotoa mwenyewe.

Chukua nchi ya mfano. Umri wa kuishi unaotarajiwa ni miaka 65: toa 20, gawa kwa 65 (yaani 85 kutoa 20), upate 0.692. Mtoto anayeanza shule anatarajiwa kusoma miaka 11: gawa kwa 18, upate 0.611. Watu wazima wamesoma wastani wa miaka 6: gawa kwa 15, upate 0.4. Wastani wa hizo mbili za elimu ni 0.506. Pato kwa kila mtu, lililosawazishwa kwa nguvu ya kununua, ni dola 4,000. Hapa tumia logi: logi ya 4,000 gawa 100, yaani 40, igawe kwa logi ya 75,000 gawa 100, yaani 750. Upate 0.557. Zidisha 0.692, 0.506 na 0.557, kisha tafuta kipeuo cha tatu: 0.580. Chini ya 0.550 ni maendeleo ya chini, kwa hiyo nchi hii imevuka kidogo na kuingia kundi la kati.

Sasa ichezee. Pato likiongezeka maradufu hadi dola 8,000, fahirisi inafika 0.614. Pato likibaki 4,000 lakini watu wazima wawe wamesoma miaka 9 badala ya 6, inafika 0.616. Anayekosea hapa huwa amesahau logi, akaliingiza pato lilivyo. Mwingine hujumlisha zile tatu na kugawa kwa tatu, njia iliyoachwa mwaka 2010 kwa kuwa iliruhusu pato kubwa lifunike elimu mbovu.

Ukitaka kulinganisha mikoa, tumia mipaka ile ile ya 20, 85, 18, 15, 100 na 75,000. Na pato la mkoa wenye mgodi liangalie mara mbili: thamani ya madini huandikwa mkoani, fedha zinaweza kuwa zimelala kwingine. Hapo kipimo cha matumizi ya kaya kitakupa picha ya karibu zaidi.